Kabla hujamfungulia mwanao kigari cha mkusanyaji

Msomaji wetu mmoja wa Morogoro ameniandikia swali ambalo sikulitarajia. Shemeji yake anaishi Ohio, Marekani, na alipokuja likizo alimletea vigari sita vya chuma, kila kimoja ndani ya pakiti yake, vikiwa na maandishi ya mkutano wa wakusanyaji na namba ndogo nyuma. "Daktari," anaandika, "shemeji anasema nisivifungue kwa sababu ni vichache duniani. Lakini mwanangu wa miaka miwili analia kila akiviona juu ya kabati. Kuna ubaya nikimfungulia kimoja?"

Ubaya upo, ila si ule anaousema shemeji. Yeye anaogopa kigari kitashuka bei. Mimi naogopa tairi lake.

Tuanze na vigari vyenyewe, maana wengi wetu hatukukua navyo. Magari yetu tuliyatengeneza kwa makopo, waya na magurudumu ya kandambili zilizokatika. Huko Uingereza, kampuni ya Lesney ilianza kuuza vigari vya Matchbox mwaka 1953, vinavyoingia kwenye kiboksi cha ukubwa wa kibiriti. Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya California ikaja na Hot Wheels, aina 16 kwa kuanzia. Vigari hivi hutengenezwa kwa kumimina aloi ya zinki iliyoyeyushwa ndani ya umbo la chuma kwa mgandamizo mkubwa, na vingi viko katika kipimo cha moja kwa 64. Yaani gari halisi la mita nne na nusu linakuwa kigari cha sentimita saba hivi.

Watoto waliovichezea wakakua, wakapata mishahara, wakaanza kuvitafuta tena. Mwaka 1987 mkusanyaji aitwaye Mike Strauss aliandaa mkutano wa kwanza wa wakusanyaji wa Hot Wheels mjini Toledo, Ohio. Tangu hapo mikutano hiyo imekuwa desturi. Watu wazima wanajaza hoteli kwa siku kadhaa, wanaacha milango ya vyumba wazi, wanapanga vigari juu ya vitanda na kubadilishana hadi usiku wa manane. Kwa ajili ya mkutano, kampuni hutoa vigari maalumu: umbo ni lilelile la zamani lakini rangi ni tofauti, kuna nembo ya mkutano na mwaka wake, na idadi ni ndogo, mara nyingi elfu chache tu. Ukikosa siku hiyo, umekosa. Hapo ndipo bei inapopanda, na ndiyo sababu shemeji hataki pakiti ifunguliwe.

Hadi hapa sina ugomvi na mtu. Ni burudani kama nyingine, tena ina faida kuliko kukaa baa. Shida inaanza pale kigari hicho kinapoingia kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, kwa sababu kwa macho ya mtoto, na mara nyingi hata ya mama yake, ni kitu cha kuchezea. Kwa macho ya sheria si kitu cha kuchezea. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa vitu vya watoto zinasema wazi kwamba bidhaa za wakusanyaji, zikiandikwa kuwa ni za watu wa miaka 14 na kuendelea, hazihesabiwi kuwa vitu vya kuchezea. Marekani nako majaribio ya lazima yanahusu bidhaa za watoto wa miaka 12 na chini yake. Kwa hiyo kigari chenye alama ya 14+ si lazima kiwe kimepita kwenye majaribio ya kuvuta, kung'ata na kudondosha ambayo kigari cha mtoto hupitia. Geuza pakiti usome kabla hujaifungua. Na ikiwa kigari kimefika kwako bila pakiti, kama vinavyofika vingi kwenye marobota ya mitumba, huwezi kujua kiliandikwa nini.

Tairi la mpira

Kigari cha kawaida cha dukani kina magurudumu ya plastiki yaliyoshikana na ekseli. Cha mkusanyaji mara nyingi kina rimu ndogo iliyovalishwa tairi la mpira, kwa sababu mkusanyaji anataka lifanane na tairi la kweli. Hot Wheels walianza kutoa vigari vyenye tairi za mpira mwaka 1983, na hadi leo ndizo zinazopendwa. Tairi hilo halikugundishwa kwa gundi. Mtoto mwenye meno manane tu analivua kwa kung'ata mara mbili tatu.

Sasa fikiria kipete cha mpira laini, chenye mate, mdomoni mwa mtoto anayekimbia huku anacheka. Njia ya hewa ya mtoto wa umri huo ni nyembamba kuliko kidole chake mwenyewe. Kitu kigumu huweza kuacha upenyo pembeni hewa ikapita. Mpira unajikunja, unafuata umbo la njia, unaziba. Nchini Marekani kuna kipimo cha vipande vidogo, kichupa chenye upana wa milimita 31.7: chochote kinachoingia humo chote hakiruhusiwi kwenye vitu vya watoto wa chini ya miaka mitatu. Nyumbani unaweza kutumia kiini cha karatasi ya chooni, kile cha boksi. Ni kipana kidogo kuliko hicho kichupa, kwa hiyo kinakupa tahadhari ya ziada. Usipime kigari kizima, pima kile kinachoweza kubanduka: tairi, kioo cha pembeni, mlango, kibati cha namba.

Akikabwa mbele yako, angalia kwanza kama anakohoa kwa nguvu au analia kwa sauti. Kama ndiyo, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye, usimpige. Kama hatoi sauti, anahangaika na midomo inageuka rangi, anza mara moja. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe mbele umpige mara tano kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta kwa ndani na juu mara tano. Endelea kwa kupokezana, tano na tano, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatuminyi tumbo lake kamwe. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni mara tano, kisha mgeuze ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Akipoteza fahamu, mlaze chini na uanze kumsaidia kupumua na kubonyeza kifua kama umefundishwa. Usiingize kidole kooni kwa kubahatisha, maana utakisukuma kitu ndani zaidi. Na usimninginize kwa miguu, hata kama bibi alifanya hivyo na mtoto akapona.

Kuna hali nyingine ambayo inanisumbua zaidi kwa sababu haina kelele. Mtoto anapaliwa, anakohoa sana kwa dakika chache, kisha anatulia, na watu wa nyumbani wanasema imepita. Kumbe kitu kimeshuka kwenye mrija wa pafu moja na kukaa. Baada ya siku au wiki anaanza kikohozi kisichoisha, au nimonia inayorudi upande uleule, au mlio wa kifua ambao dawa za pumu haziutulizi. Anapewa antibiotiki hii, anapewa ile. Picha ya eksirei inapigwa na haionyeshi kitu, kwa sababu mpira na plastiki kwa kawaida havionekani kwenye eksirei. Picha safi isikutulize. Mwambie daktari hivi: "Wiki tatu zilizopita alipaliwa akiwa anacheza na kigari, na tairi moja halijaonekana." Sentensi hiyo moja inaweza kumwokolea mwanao miezi ya dawa asizozihitaji, kwa sababu ndiyo itakayomfanya daktari afikirie kumpeleka mahali penye kifaa cha kuchungulia njia ya hewa.

Pua nayo ina yake. Makamasi mazito yenye harufu mbaya kutoka tundu moja tu la pua kwa mtoto mdogo, mara nyingi ni kitu alichokiingiza. Usikichokonoe na kibiriti wala pini ya nywele. Mpeleke kituo cha afya.

Rangi

Swali la pili wazazi huliuliza wenyewe: je, rangi ya vigari hivi ina sumu? Jibu linategemea umri wa kigari na kilikotoka. Madini ya risasi yalitumika kwenye rangi kwa miaka mingi kwa sababu yanaifanya ing'ae na kudumu. Marekani iliyawekea kikomo kwenye rangi za nyumbani na vitu vya watoto mwaka 1978. Vigari vya kabla ya hapo, na hivyo ndivyo wakusanyaji wanavyovitafuta kwa tochi, vichukulie kuwa vina risasi hadi uthibitishe vinginevyo. Vile vya kale kabisa vya Dinky, vya miaka ya 1930 huko Liverpool, vingine vilimiminwa kwa aloi yenye risasi yenyewe.

Lakini usidhani upya ni kinga. Agosti 2007 Mattel iliita dukani kigari kiitwacho Sarge, chenye umbo la jeep ya kijeshi kutoka filamu ya katuni ya Cars, baada ya kukuta rangi yake ina risasi kupita kiasi. Vilikuwa takriban 436,000 duniani kote. Hicho hakikuwa kigari cha wakusanyaji. Kilikuwa cha watoto kabisa, cha kampuni kubwa yenye wakaguzi wake, na bado mtengenezaji wa chini kule China alitumia rangi isiyoruhusiwa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali zaidi, na tangu Agosti 2009 kikomo cha risasi kwenye rangi kimeshuka kutoka sehemu 600 hadi 90 kwa kila milioni.

Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa risasi inafanya nini. Owino Uhuru iliwafundisha, pale kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilipoiacha kwenye udongo na kwenye damu za watu. Kigari kimoja hakiwezi kulinganishwa na kiwanda, na sitaki mtu akose usingizi kwa sababu mwanawe alishika kigari cha zamani jana jioni. Kushika mara moja si sumu. Hatari ni kunyonya na kutafuna siku baada ya siku, na mikono yenye unga wa rangi inayokwenda mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza zaidi. Watoto wetu wengi wana upungufu wa damu, kwa hiyo hili linatuhusu.

Usisubiri dalili. Kwa viwango vya chini hakuna dalili, kuna mtoto anayechelewa kujifunza na mwalimu anayesema hatulii. Kwa viwango vya juu huja maumivu ya tumbo, choo kigumu, uchovu, damu kupungua, na kwa hali mbaya degedege. Kama mwanao amekuwa akitafuna kitu cha zamani chenye rangi inayobanduka kwa muda mrefu, mweleze daktari na uulize kuhusu kupima risasi kwenye damu. Si kila hospitali ina kipimo hicho, itabidi mwelekezwe. Kiwango kikifika mikrogramu 5 kwa desilita, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuitoa risasi mwilini ni za viwango vya juu zaidi, si za kila mtoto, na hakuna chai ya mitishamba inayofanya kazi hiyo.

Vigari vya zamani sana vina ugonjwa wao pia. Aloi ya zinki ikichafuliwa na risasi kidogo tu wakati wa kuyeyushwa, chuma hupasuka chenyewe baada ya miaka, kinavimba na kumeguka kama biskuti. Ukiona nyufa kwenye kigari cha babu, kiweke kwenye mfuko kifungwe, na kisirudi mikononi mwa mtoto hata kwa kupiga picha.

Betri, ambayo ni mbaya kuliko vyote

Vigari vidogo vya mikutano kwa kawaida havina betri. Lakini kaka zake wakubwa wanaouzwa madukani kwetu, wa kuvuta nyuma ukaachia, wenye taa na mlio wa injini, ndani wana betri za duara kama za saa. Geuza kigari uangalie: kifuniko cha betri kina skrubu? Kama kinafunguka kwa kucha, usikinunue, na kama umeshakinunua kizungushie gundi ya karatasi imara leo hii.

Betri ya duara ikikwama kwenye umio, haihitaji kupasuka ili idhuru. Mate yanakamilisha mzunguko wa umeme na nyama inaanza kuungua. Saa mbili zinatosha kuacha jeraha la hatari, hasa kwa zile pana za milimita 20. Mtoto anaweza kuonyesha kutokwa mate tu na kukataa kula. Ukihisi amemeza, nenda hospitali yenye eksirei sasa hivi, kwa kuwa betri, tofauti na mpira, inaonekana vizuri. Usimtapishe, usimpe ugali eti uisukume. Ikiwa amezidi mwaka mmoja, anameza vizuri, na haijapita saa 12, wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, isizidi mara sita, mkiwa njiani. Narudia: mkiwa njiani. Asali haitoi betri, inapunguza tu kuungua.

Fundi wa nyumbani

Baadhi yenu mnaokusanya mmejifunza kutoka kwa wenzenu wa Marekani kuvua rangi ya kigari, kutoboa ribiti za chini, kupiga msasa na kupaka upya. Kule mikutanoni kuna hata mashindano ya kazi hizo, na zinapendeza kweli. Lakini msasa mkavu juu ya rangi ya zamani unatengeneza vumbi la risasi, na vumbi hilo linakaa kwenye kitambaa cha meza, kwenye shati lako na kwenye nywele za mtoto unayembeba ukimaliza. Fanya kazi nje, lowanisha msasa, vaa barakoa nzuri, oga na ubadili nguo kabla hujamshika mtoto, na usafishe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Dawa za kuvulia rangi zenye methilini kloridi zimeua watu waliozitumia kwenye vyumba visivyo na hewa. Marekani ilikataza kuuziwa wananchi wa kawaida kwa kazi hiyo mwaka 2019. Ukikuta kopo halina maelezo ya kilichomo, liache dukani.

Basi mtoto apewe nini? Wa chini ya miaka mitatu mpe gari la plastiki la kipande kimoja au la mbao lisilo na rangi, kubwa kuliko ngumi yako, magurudumu yasiyotoka. Hata kopo lililopondwa kingo linatosha, hajui bei. Kuanzia miaka mitatu, kigari cha kawaida cha dukani chenye alama ya 3+, ukikikagua kila baada ya muda. Vya mkutano vibaki juu, ndani ya kabati lenye kioo na ufunguo, siyo juu ya kabati analoweza kupanda kwa kuvuta droo, maana kabati lenyewe likimwangukia ni balaa jingine. Akifika miaka minane au tisa na haweki tena vitu mdomoni, mkae pamoja mezani. Asome namba, atafute mwaka, anawe mikono baadaye. Hapo utakuwa umempa kitu ambacho shemeji mwenyewe atakifurahia.

Neno kwa mkusanyaji mwenyewe. Vitu vya toleo dogo vimetengenezwa ili vikuharakishe, na akili ya binadamu ikiambiwa "vimebaki vichache" huacha kupiga hesabu. Kukusanya si ugonjwa. Mkusanyaji mzima anajua alicho nacho, anakipanga, anaweza kuuza kimoja bila kutetemeka. Dalili za kuangalia ni nyingine: unaficha risiti, unakopa kwenye simu ili ununue, ada ya shule imechelewa kwa sababu ya mnada, huwezi kuachana hata na maboksi matupu, na chumba cha kulala hakipitiki. Ugonjwa wa kulimbikiza umetambuliwa rasmi na madaktari wa akili tangu mwaka 2013, na unatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Ukienda, nenda na mwenzi wako au ndugu unayemwamini, kwa sababu yeye ndiye anayejua boksi la mwisho lilifika lini na lililipiwa kwa fedha gani.